Ugonjwa wa noma: mwongozo kamili wa kuutambua kinywani mwa mtoto kabla haujala shavu

Noma ni maambukizi ya bakteria yanayoanzia kwenye ufizi wa mtoto aliyedhoofishwa na utapiamlo, na yasipozuiwa huozesha shavu, midomo, pua na mifupa ya taya katika muda mfupi wa kutisha. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya malisho, kwa jinsi kidonda kinavyosambaa na kula nyama kama mnyama anavyomaliza majani, wala halina uhusiano wowote na neno noma la mitaani kwetu. Nalitaja hili mapema kwa sababu mhudumu akimwambia mama kwamba mwanawe ana noma, mama anaweza kusikia tu kuwa hali ni mbaya, asitambue kwamba ametajiwa ugonjwa unaojulikana na wenye tiba. Ni afadhali kumweleza kuwa ni donda ndugu la mdomo, lililoanzia kwenye fizi, na kwamba likitibiwa leo linapona.

Kati ya ufizi unaotoka damu, ambao hupona kwa dawa za bei nafuu zinazopatikana katika zahanati nyingi, na tundu la shavuni, ambalo halijifungi tena lenyewe, kuna siku chache tu. Katika siku hizo mtoto anaweza kabisa kuwa amefikishwa mbele ya mtu wa afya, akapimwa uzito, akazungushiwa utepe mkononi, akaandikiwa dawa ya homa, kisha akarudi nyumbani bila mtu yeyote kuinua mdomo wake na kutazama ndani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watumishi wa zahanati, ili kitendo hicho cha kuinua mdomo kiwe sehemu ya kumpima kila mtoto aliyedhoofika.

Mambo ya kuelewa kwanza

Noma haiambukizi. Hakuna mtoto anayeipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye au kucheza naye, na kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa au kumficha. Hakuna bakteria mmoja anayeweza kulaumiwa peke yake. Fusobacterium necrophorum na Prevotella intermedia hutajwa mara kwa mara, lakini wanaoozesha nyama ni kundi zima la vijidudu, na wengi wao huishi vinywani mwa watu wenye afya bila kuwadhuru. Kinachowapa nafasi ni mwili uliopoteza kinga yake. Mtoto huanza na utapiamlo wa muda mrefu, kisha akapigwa na surua, malaria kali au kuhara, huku kinywa chake hakisafishwi na maji anayokunywa si salama. Surua ina hatari ya pekee, kwa sababu huushusha ulinzi wa mwili kwa majuma mengi hata baada ya vipele kupotea, na papo hapo hukichubua kinywa na kumaliza akiba ya vitamini A.

Historia inathibitisha kuwa mzizi wa ugonjwa huu ni njaa na ufukara. Noma ilijulikana vizuri Ulaya, na madaktari wa Uholanzi waliieleza tangu karne za 16 na 17. Ilitoweka huko kadiri chakula na hali za maisha zilivyoboreka, kabla ya antibayotiki kuwepo. Ilirudi katika miaka ya 1940 ndani ya kambi za mateso za Wanazi, zikiwemo Auschwitz na Bergen-Belsen, mahali ambapo watu walinyimwa chakula kwa makusudi. Leo hii inaonekana zaidi katika ukanda unaoanzia Senegali hadi Ethiopia, kusini mwa Sahara, ingawa wagonjwa hupatikana pia katika nchi nyingine za Afrika na Asia, penye umaskini wa aina hiyohiyo. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria wagonjwa wapya 140,000 kwa mwaka, na linasema kwamba bila matibabu noma inaweza kuua hadi asilimia 90 ya wanaoipata. Tarehe 15 Desemba 2023, baada ya ombi lililoongozwa na Nijeria, shirika hilo liliiingiza noma katika orodha rasmi ya magonjwa ya kitropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Miaka yote hiyo mtoto aliyekufa kwa noma alizikwa kijijini, mara nyingi bila jina la ugonjwa wake kuandikwa popote.

Wasomaji wa Kiswahili wasiuone ugonjwa huu kuwa wa mbali. Mashariki mwa Kongo, familia zilizokimbia vita zinaishi katika msongamano wenye upungufu wa chakula na maji, na mlipuko wa surua ulioanza nchini humo mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Popote yanapokutana mambo hayo mawili, njaa na surua, mhudumu anapaswa kuitarajia noma.

Hatua ya kwanza: Mjue mtoto aliye hatarini

Umri unaoshambuliwa zaidi ni miaka 2 hadi 6, yaani baada ya mtoto kuachishwa ziwa na kabla hajaweza kujitafutia chakula mwenyewe. Watu wazima pia huweza kuugua, hasa wale ambao kinga yao imeshushwa na virusi vya UKIMWI au saratani ya damu.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, tumia utepe wa kupima mzunguko wa mkono. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni utapiamlo wa kadiri. Bonyeza pia upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba. Alama ya kidole ikibaki kama shimo kwenye miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama mkono unaonekana mnene. Kisha muulize mzazi kama mtoto ameugua surua, malaria au kuhara katika miezi mitatu iliyopita, na uitazame kadi ya kliniki. Mtoto mwenye utapiamlo wa aina yoyote, na kila mtoto aliyetoka kuugua surua, aingie katika hatua inayofuata bila kusubiri mzazi alalamike kuhusu kinywa.

Hatua ya pili: Inua mdomo utazame

Nawa mikono kwa sabuni, na vaa glavu kama zipo. Mzazi akae na kumpakata mtoto, kichwa cha mtoto kikiegemea kifuani mwake na uso ukielekea kwenye mwanga wa mlango au tochi. Zungumza na mtoto kabla ya kumgusa. Kwa kidole gumba na cha shahada inua mdomo wa juu, utazame ufizi wote wa mbele, kisha vuta shavu taratibu upande wa kulia na wa kushoto mpaka uone fizi za magego. Malizia kwa kuteremsha mdomo wa chini. Kazi yote hii haizidi dakika moja. Ufizi wenye afya huwa mgumu kiasi, hauvuji damu unapoguswa, na nyama yake hujaza nafasi kati ya jino na jino kwa umbo la pembetatu iliyochongoka. Rangi yake kwa watoto wetu huweza kuwa ya waridi au ya kahawia iliyokolea, na weusi wa asili usikutie hofu.

Dalili ya kwanza kabisa ni ufizi mwekundu, uliovimba, unaotoka damu kwa kuguswa tu au wakati wa kusafishwa. Hapo bado ni ugonjwa wa kawaida wa fizi, lakini kwa mtoto mwenye utapiamlo ni onyo. Dalili inayofuata ndiyo lango la noma: zile pembetatu za nyama kati ya meno huonekana zimelika kana kwamba zimekatwa, zimefunikwa na utando wa kijivu au wa manjano, damu hutoka yenyewe bila kuguswa, na kinywa hutoa harufu nzito ya kuoza ambayo mzazi huitaja hata kabla hujamuuliza. Mtoto hutoa mate mengi, hukataa chakula, na mara nyingi huwa na homa. Harufu hiyo isipuuzwe kamwe.

Hatua ya tatu: Usiichanganye na mengine

Fangasi wa mdomoni huonekana kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi na ndani ya mashavu, bila kula nyama kati ya meno. Malengelenge ya virusi hutoa vidonda vidogo vingi vya duara, hata kwenye ulimi na midomo, na kwa kawaida hupona yenyewe. Jipu la jino huvimbisha shavu, lakini hapo utaona jino lililotoboka. Katika Afrika Mashariki na ya Kati tunao pia uvimbe wa taya wa saratani ya Burkitt, uliopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyeueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Huo huinua taya na kulegeza meno bila harufu ya kuoza mwanzoni, na unahitaji hospitali haraka kwa sababu zake nyingine. Ukiwa na shaka kati ya noma na ugonjwa mwingine wowote, mchukulie mtoto kama mgonjwa wa noma mpaka daktari aseme vinginevyo, maana gharama ya kukosea upande huo ni vidonge vya wiki moja tu.

Hatua ya nne: Tibu ufizi siku hiyohiyo

Si kila mtoto mwenye ufizi unaooza hufikia kutobolewa shavu, lakini hakuna kipimo kinachoweza kueleza ni yupi atakayefikia, kwa hiyo wote hutibiwa. Katika zahanati mtoto hupewa amoksilini pamoja na metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, kwa kipimo kinachokokotolewa kutokana na uzito wake wa siku hiyo. Mzazi asinunue dawa hizi dukani kwa kukisia, kwa sababu kipimo kidogo mno hutuliza harufu kwa siku mbili na kuuacha ugonjwa ukiendelea. Apewe pia vitamini A kwa utaratibu wa wizara ya afya, dawa ya maumivu, na kipimo cha malaria na cha virusi vya UKIMWI. Utapiamlo wake utibiwe wakati uleule, kwa chakula tiba ikiwa ni mkali, kwa kuwa viuavijasumu, yaani antibayotiki, pekee huwapunguza vijidudu lakini haviurudishii mwili nguvu ya kujenga nyama mpya.

Kinywa kisafishwe mara tatu kwa siku. Maji ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, ya asilimia 0.2 yakiwepo ndiyo bora. Yasipokuwepo, yeyusha nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kuwa ya uvuguvugu. Mtoto anayeweza kusukutua asukutue na kutema. Asiyeweza, mzazi azungushe kitambaa laini na safi kwenye kidole, akiloweke katika maji hayo, apanguse fizi na meno bila kusugua, kisha kitambaa kifuliwe na kuchemshwa. Mhudumu amwone tena mtoto baada ya siku mbili au tatu na ainue mdomo upya. Mzazi afundishwe maneno haya na ayarudie kwa kinywa chake: shavu likivimba, hata kama ni usiku, mtoto aende hospitali.

Huu pia ndio wakati wa kutazama nyumba nzima, kwa maana ndugu zake wanakula chungu kimoja naye na wamo katika hatari ileile. Wapimwe mikono na kutazamwa fizi. Chanjo ya surua, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa katika miezi 9 na 18, ikamilishwe kwa aliyeikosa. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo, na baada ya hapo uji wake uongezwe karanga zilizosagwa, maziwa, yai au dagaa waliotwangwa, kwa sababu uji mtupu wa mahindi au muhogo hushibisha tumbo bila kulinda mwili. Meno yasafishwe kila siku tangu jino la kwanza, kwa kitambaa au mswaki laini, na mswaki wa mti unafaa ukichanwa vizuri. Mifugo isilale chumba kimoja na watoto.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu mila zetu za kinywani. Kung'oa kwa chuma yale yanayoitwa meno ya nailoni, yaani meno ya mtoto mchanga ambayo bado hayajaota, na kukata kimeo, hakutibu homa wala kuhara, na humwachia mtoto dhaifu jeraha wazi ndani ya kinywa kilichojaa vijidudu. Mzazi anayefanya hivyo anampenda mwanawe na anatafuta msaada. Aelezwe kwa upole, apewe tiba ya homa iliyomleta, wala asifukuzwe kwa maneno makali.

Hatua ya tano: Shavu likivimba

Uvimbe wa shavu au mdomo, ukiwa mgumu na wenye maumivu, pamoja na harufu na homa kali, humaanisha kuwa ugonjwa umetoka kwenye ufizi na kuingia kwenye nyama ya uso. Ndani ya siku chache ngozi ya juu hung'aa na kuwa ya rangi ya zambarau, kisha doa jeusi lenye mpaka ulio wazi hujitokeza, na nyama iliyo ndani ya mpaka huo imekwisha kufa. Mtoto apelekwe hospitali yenye wodi ya watoto siku hiyohiyo. Kama safari ni ndefu, zahanati impe dozi ya kwanza ya viuavijasumu na iandike saa aliyopewa. Njiani afunikwe apate joto, na apewe maji yenye sukari au maziwa kidogo kidogo kila mara, kwa sababu mtoto mwenye utapiamlo mkali anayekaa saa nyingi bila chakula anaweza kufa kwa kupungukiwa sukari mwilini kabla hata kidonda hakijamfikisha pabaya.

Pasipakwe majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha mnyama wala dawa ya unga. Pasikatwe wala kuchomwa kwa chuma cha moto, na jino lililolegea lisivutwe. Funika tu kwa kitambaa safi kilicholowekwa katika yale maji ya chumvi.

Katika kaskazini ya Nijeria Wahausa huuita ugonjwa huu ciwon iska, ugonjwa wa upepo, na neno hilo la upepo hubeba pia maana ya pepo. Kwetu nako shavu linalooza ghafla hufasiriwa haraka kuwa ni kurogwa. Mhudumu asitumie muda wa mgonjwa kubishana juu ya uchawi. Amwombe mzazi waende hospitali kwanza, na dua au mashauri mengine ya familia yaendelee huku mtoto akiwa kitandani chini ya matibabu.

Hatua ya sita: Yanayopaswa kufanyika hospitalini

Viuavijasumu hutolewa kwa mshipa, vikichaguliwa kuwakabili bakteria wa aina zote, wakiwemo wale wasiohitaji hewa. Mchanganyiko wa ampisilini, jentamaisini na metronidazoli hutumika. Sukari ya damu ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita irekebishwe papo hapo. Dripu isitolewe kwa mazoea, kwa sababu moyo wa mtoto mwenye utapiamlo mkali huzidiwa na maji kwa urahisi. Chakula huanza na maziwa tiba ya F-75, kiasi kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kwa mpira wa puani ikiwa kinywa hakiruhusu, na baada ya mwili kutulia ndipo ahamie maziwa tiba yenye nguvu zaidi ya F-100 au chakula tiba cha karanga, ambacho pakiti yake moja ina kilokalori 500. Maziwa huvumilika zaidi kuliko karanga kwa kinywa chenye jeraha bichi. Dawa ya kuongeza madini ya chuma isubiri, maana katika siku za kwanza za maambukizi makali inaweza kumdhuru.

Kidonda husafishwa kila siku baada ya dawa ya maumivu, na kufungwa kwa bandeji yenye unyevu. Asali safi hutumika katika kufunga vidonda hivi, isipokuwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Nyama iliyokufa na iliyojitenga huondolewa taratibu, lakini upasuaji wa kurekebisha uso haufanywi hata kidogo wakati huu. Wakati wa kufunga jeraha hilo wazazi hulia, na muuguzi mwenye hekima huwapa kazi ya kufanya, kama kushika mkono wa mtoto au kuandaa maziwa, badala ya kuwatoa nje.

Hatua ya saba: Kinywa kisijifunge

Mtoto akishanusurika, hatari hugeuka. Kovu hukaza misuli ya taya, na katika majuma machache kinywa huweza kufunga kabisa, akabaki anapitishiwa uji katika pengo la meno yaliyotoka. Kwa hiyo mazoezi huanza mara jeraha linapoanza kupona: vijiti laini na safi vya mbao, vile vinavyotumika kukandamiza ulimi, hupangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya juu na ya chini, mtoto akafungua kadiri anavyoweza bila kulazimishwa, mara kadhaa kwa siku. Kila wiki kijiti kimoja huongezwa inapowezekana, na idadi yake huandikwa ukutani au kwenye daftari. Mazoezi huendelea kwa miezi mingi nyumbani, na mama ndiye tabibu wake mkuu.

Upasuaji wa kujenga upya shavu, pua au mdomo husubiri kwa kawaida miezi 6 hadi 12 baada ya kidonda kukauka, mpaka mtoto awe amenenepa na kovu limetulia. Ni upasuaji mgumu, mara nyingi wa awamu kadhaa, na kinywa kilichofunga huifanya hata kazi ya kumpa mgonjwa usingizi iwe ya hatari, jambo linaloonyesha kwa nini vile vijiti vina thamani. Huko Sokoto, Nijeria, ipo hospitali maalumu ya noma iliyofunguliwa mwaka 1999, na tangu 2014 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limekuwa likifanya kazi pamoja nayo. Mulikat Okanlawon, aliyenusurika noma utotoni na kutibiwa katika hospitali hiyo, baadaye aliajiriwa hapohapo, na yeye na Fidel Strub, mzaliwa wa Burkina Faso aliyenusurika pia, walianzisha Elysium, chama cha walionusurika noma. Familia inayouguza itajiwe watu hawa, kwa sababu mzazi anayetazama uso wa mwanawe ulioharibika anahitaji kujua kwamba wapo watu wazima, wenye kazi na heshima zao, waliopita katika njia hiyohiyo.

Mtoto arudishwe shuleni mapema kadiri daktari atakavyoruhusu, na mhudumu wa jamii atangulie kuzungumza na walimu ili wanafunzi wafahamu kuwa ugonjwa huo hauambukizi na umekwisha. Na katika rejista ya zahanati, pale penye safu ya ugonjwa, pasiandikwe kidonda cha mdomo pekee. Liandikwe neno noma, pamoja na umri wa mtoto, kijiji chake, hali ya ufizi, uvimbe au jeraha aliyokuja nayo, na tarehe ambayo mdomo wake uliinuliwa kwa mara ya kwanza.